Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Fomu ya kuombea ruhusa ilikuwa na mistari mitatu chini ya maneno "Eleza manufaa ya mafunzo haya kwa ofisi." Niliandika kwamba nitarudi na ujuzi wa akili mnemba utakaoharakisha utoaji wa huduma. Sikuwa na hakika hata kidogo. Ila nimekaa kwenye utumishi wa umma miaka ya kutosha kujua kwamba hakuna anayetia sahihi safari ya mtu aliyeandika "nataka kwenda kuwasikia wenzangu wanahangaika na nini", ingawa hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu ya kweli.

Dokezo lilizunguka wiki tano. Lilipanda, likashuka, likalala kwenye meza ya mtu aliyekuwa likizo, likaamka, likarudi na swali: kwa nini mtumishi huyu asisome mambo hayo mtandaoni? Swali halali kabisa, na jibu nililolitoa lilikuwa la hovyo. Siku tatu kabla ya kongamano la sayansi ya data kuanza, jalada likanirudia likiwa na sahihi zote.

Niseme kwanza kazi yangu ni ipi. Nipo kitengo cha takwimu katika taasisi ya umma. Kila mwezi vituo vyetu huleta taarifa: maombi mangapi yamepokelewa, mangapi yamekamilika, yamechukua siku ngapi, malalamiko mangapi yameandikishwa. Mimi nazikusanya, nazisafisha, kisha natengeneza jedwali la kulinganisha vituo, nalo hupanda kwa wakubwa. Kwenye matangazo ya kazi mwanasayansi wa data hufanya mambo ya kifahari zaidi. Mimi sehemu kubwa ya siku yangu huishia kutafuta kwa nini kituo kimoja kimeandikwa kwa majina manne.

Siku ya kwanza ya kongamano sina mengi ya kuisimulia. Ukumbi mkubwa, taa za rangi, wazungumzaji wakuu waliotuhakikishia kwamba kesho imeshafika na sisi ndio tuliochelewa. Kwenye mabanda ya maonyesho nilikusanya kalamu sita na mfuko wa kubebea hizo kalamu. Mifano karibu yote ilihusu wateja: nani atanunua, nani atahamia kwa mshindani, nani atabofya tangazo. Nilijaza kurasa mbili za daftari kisha nikaacha, kwa sababu kila nilipojaribu kuweka neno "mwananchi" mahali pa neno "mteja", sentensi iligoma.

Wakati wa chai ndipo nilipoelewa kwa nini inagoma. Nilikaa na kijana mmoja anayetengeneza mfumo wa kupendekeza bidhaa kwenye duka la mtandaoni. Akaniuliza modeli yetu, yaani programu inayokisia majibu kutokana na data, hukosea mara ngapi. Nikamwambia hatuna modeli, tuna jedwali. Akacheka kwa heshima. Nikamuuliza ya kwake, akasema hukosea kila saa, na wala hapotezi usingizi: "Mtu akionyeshwa viatu asivyovitaka, kaka, anapita tu."

Anapita tu. Nilirudi ukumbini na maneno hayo yakanifuata siku nzima. Aliyekosewa na duka huenda duka la pili. Aliyekosewa na ofisi ya umma aende wapi, wakati ofisi ni hiyo hiyo moja? Hawezi kupita. Atasimama pale pale dirishani hadi kosa letu lirekebishwe, na mara nyingi atatakiwa yeye ndiye athibitishe kwamba ni kosa.

Siku ya pili ratiba ilikuwa na mada kumi na nne kwa wakati mmoja. Kubwa zote zilihusu modeli za lugha, zile programu za akili mnemba zinazoandika kama mtu, na watu walisimama hadi milangoni. Mimi nilikwenda chumba cha mwisho kwenye korido, ambako kichwa cha mada kilisema tu kwamba itahusu makosa ya data serikalini. Tulikuwa kama ishirini. Mtoa mada alikuwa mama wa makamo aliyetumikia takwimu za umma maisha yake yote ya kazi. Hakujitambulisha kwa vyeo. Aliweka namba moja kwenye skrini, 65,536, akauliza nani anaifahamu.

Mikono mitatu ilinyooka. Ni idadi ya mistari ambayo faili la Excel la muundo wa zamani, ule wa XLS, linaweza kubeba. Mwaka 2020, kati ya mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, Uingereza ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo vya corona kutoka maabara na kuyapitisha kwenye mafaili ya muundo huo. Faili likajaa. Mistari iliyozidi ikabaki nje, bila kengele, bila ujumbe wa hitilafu. Watu 15,841 waliokutwa na virusi hawakuonekana kwenye hesabu za siku zao. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliokaa nao, waliosafiri nao, waliokula nao meza moja, hawakutafutwa kwa wakati.

Chumba kilikuwa kimya. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akilifikiria faili lake.

Kisha akaingia Australia, na hapa ndipo alipokaa muda mrefu, nami nitakaa naye, kwa sababu sijawahi kusikia mfano unaonihusu kuliko huu. Kuanzia mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo ilitumia mfumo uliokuja kuitwa Robodebt kutafuta watu waliolipwa ruzuku ya ustawi kupita kiasi. Ruzuku ilihesabiwa kwa kipato cha kila wiki mbili. Mamlaka ya kodi, kwa upande wake, ilikuwa na kipato cha mwaka mzima. Ili namba hizo mbili zisemezane, mfumo uligawanya kipato cha mwaka sawa kwa sawa katika vipindi 26 vya wiki mbili mbili.

Akachora ubaoni. Mtu amefanya kazi nusu ya kwanza ya mwaka, vipindi 13, kila kipindi dola 2,000. Jumla 26,000. Nusu ya pili hana kazi. Anaeleza ukweli kwamba kipato chake ni sifuri, analipwa ruzuku anayostahili. Sasa mashine inachukua 26,000, inagawanya kwa 26, inapata 1,000. Halafu inamwambia: katika miezi uliyosema hukuwa na kitu, ulikuwa ukipata dola 1,000 kila wiki mbili. Umetudanganya. Lipa. Mtu huyo sasa atafute hati za mshahara za miaka iliyopita, kwa mwajiri ambaye huenda amefunga biashara, ili athibitishe kwamba hakuwa na hela wakati hakuwa na hela.

Ni wastani tu! Hesabu ya shule ya msingi. Hapakuwa na mtandao wa neva wa akili mnemba wala jambo lolote ambalo mtu angeshindwa kulifuata kwa kalamu na karatasi. Mwaka 2019 serikali ilikubali mahakamani kwamba deni lililotokana na hesabu ya namna hiyo halikuwa na msingi wa kisheria, mwaka uliofuata ikatangaza kurejesha fedha za madeni yapatayo 470,000, na Julai 2023 tume ya uchunguzi ikatoa ripoti iliyouita mfumo huo wa kikatili, usio wa haki wala halali.

Mtoa mada hakusema "tujifunze." Aliuliza: "Kati yenu, nani anao wastani kwenye ripoti yake ya mwezi huu?" Sote.

Halafu akaeleza kisa cha tatu, kifupi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019 ulichunguza algoriti, yaani kanuni ya hesabu inayofuatwa na kompyuta, iliyotumika katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Algoriti ilitakiwa kukadiria ugonjwa. Ilichokadiria ni gharama za matibabu, kwa kuwa gharama ndizo zilizokuwa kwenye data. Na kwa kuwa fedha kidogo zaidi zilitumika kuwatibu wagonjwa weusi, walionekana kana kwamba ni wazima zaidi. Kwa alama ile ile waliyopewa na mashine, walikuwa wagonjwa kuliko wenzao weupe. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikirekebishwa, sehemu ya wagonjwa weusi wanaochaguliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

"Safu hiyo mnayoipenda," akasema, "inapima nini hasa?"

Mimi safu ninayoipenda ni ya malalamiko. Niliipenda kwa sababu ni rahisi: kituo chenye malalamiko machache ni kituo kinachofanya vizuri. Wakubwa wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Nilianza kuhisi joto shingoni.

Kabla ya kutuachia alitupa kazi ya nyumbani, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye kongamano. Kila mmoja afungue faili lake la kazi, atafute visanduku vilivyoachwa wazi, achague kumi, na kwa kila kimoja aandike ni kwa nini kiko wazi. Sio anachodhani. Anachojua.

Usiku ule hotelini nilifungua kompyuta mpakato nikiwa na nia ya dakika kumi. Visanduku vilivyo wazi sikuviona hata kimoja. Nikafurahi kwa muda wa kama pumzi mbili, hadi nilipokumbuka kwamba faili nililolifungua ni lile lililokwisha kusafishwa. Nikafungua programu inayolisafisha. Mstari wa kumi na tisa, msimbo mfupi kuliko sentensi hii, ulikuwa ukisema: kila palipo wazi, weka sifuri.

Niliuandika mimi, miaka miwili nyuma. Naikumbuka hata siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa jioni, mchoro ulikataa kuchorwa kwa sababu ya nafasi tupu, na wakubwa walikuwa wakiusubiri. Niliweka sifuri ili mchoro uchoreke, nikajiambia Jumatatu nitarudi kulishughulikia.

Kwa asiyefanya kazi hii: sifuri na utupu si ndugu. Sifuri ni jibu, utupu ni kukosekana kwa jibu. Hata Excel inalijua hilo. Ukiiomba wastani wa visanduku viwili, kimoja kina 30 na kingine kiko wazi, itakupa 30, kwa sababu kilicho wazi hakihesabiwi. Weka sifuri pale palipokuwa wazi, wastani unaanguka hadi 15. Na kujumlisha ni kubaya zaidi, kwa sababu jumla haibadiliki, hivyo pengo halionekani. Kituo kilichopokea malalamiko kumi kila mwezi, kikaleta taarifa miezi minne tu kati ya kumi na miwili, kitaonekana kina malalamiko 40 kwa mwaka. Jirani yake mwaminifu aliyeleta kila mwezi atakuwa na 120. Jedwali litampa aibu mwaminifu.

Nikarudi kwenye taarifa ghafi. Kati ya vituo kumi bora vya mwaka uliopita, vile vyenye malalamiko machache kuliko vyote, saba vilikuwa havileti taarifa kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Na vituo hivyo kumi vilipelekewa barua za pongezi. Nilizisaidia kuziandika. Kuna neno "weledi" ndani ya barua hizo ambalo nililichagua mwenyewe.

Sikulala vizuri, na sitajifanya kwamba ilikuwa kwa ajili ya mwananchi. Nilikuwa nahesabu wangapi watajua.

Siku ya tatu nilihudhuria warsha ya Git, programu ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza kila toleo la msimbo na kuonyesha nani alibadilisha nini na lini. Mwalimu alipotuonyesha amri ya kumtafuta aliyeandika mstari fulani, wenzangu walicheka. Mimi nilishakwisha kumpata wangu. Alasiri kulikuwa na mada nyingine niliyoisikiliza nusu nusu. Kwenye slaidi mojawapo palikuwa na jina la Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, aliyeona mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha, kwamba uhusiano wa kitakwimu ukishaanza kutumika kudhibiti mambo huelekea kuvunjika. Niliinakili daftarini kwa mwandiko wa mtu anayesinzia. Nikapokea cheti cha ushiriki. Nikaenda zangu.

Ripoti ya mafunzo ina vichwa vitatu: uliyojifunza, yatakavyotumika, mapendekezo. Nilikaa mbele ya kichwa cha kwanza asubuhi nzima. Ilikuwa rahisi sana kuandika kuhusu akili mnemba, na hakuna ambaye angeuliza. Mwishowe niliacha ripoti ilivyo, nikachapisha kurasa mbili, ya vituo kumi bora na ya taarifa walizoleta, nikabisha mlango wa mkurugenzi.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba. Umerudi na hiyo akili mnemba?"

Nikaziweka karatasi mezani. Alizisoma polepole, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hivi ndivyo vituo tulivyovipa pongezi?"

"Ndivyo, Mkuu."

"Nani mwingine anajua?"

Nikamwambia hakuna. Alinyamaza, kisha akasema nisiandike kitu kwanza, nipige simu. Nilitoka nikiwa nimevunjika moyo, maana katika ofisi zetu "usiandike kwanza" ni jina la heshima la kaburi. Nilimkosea. Wiki hiyo alinipa mezani kwake nakala ya orodha ya namba za vituo vyote, na kila jioni aliniuliza nimefika wapi.

Basi nikapiga. Nilipaswa kuwa nimefanya hivyo miaka miwili nyuma, na kwa ukweli wote haihitaji sayansi yoyote: unanyanyua simu, unamuuliza aliyejaza. Kituo kimoja kilikuwa kikituma taarifa kwa anwani ya barua pepe tuliyoifunga. Kingine karani wake alistaafu na nafasi yake haijajazwa. Mlinzi ndiye aliyepokea simu. Kingine waliacha wazi kwa sababu toleo jipya la fomu lilibadilisha maneno "malalamiko yaliyopokelewa" kuwa "malalamiko yaliyoshughulikiwa", na wao, watu makini, hawakuwa wameshughulikia hata moja. Kituo cha nne walikuwa wanaacha wazi wakimaanisha sifuri, hasa kama nilivyodhani. Kimoja kati ya saba. Nilikipigia mstari kwa shukrani isiyo na kiasi.

Simu ya nane niliipiga kwa makosa. Nilishuka mstari mmoja zaidi kwenye orodha nikapata kituo ambacho hakikuwa na tatizo lolote: miezi ishirini na minne, taarifa ishirini na nne, kila moja kwa wakati. Kwenye safu ya malalamiko kulikuwa na moja, moja, moja, kutoka juu hadi chini, isipokuwa mwezi mmoja tu wenye kumi na mbili. Mara nyingi nimeutazama mstari huo na kujisemea laiti vituo vyote vingekuwa hivi.

Alipokea mama ambaye sauti yake ilinifanya nimwamkie kabla sijajitambulisha. Kwa kuwa nilishampata, nikamsifu kwa utaratibu wake mzuri, nikamuuliza, katika kuzungumza tu, hilo lalamiko moja la kila mwezi huwa ni la nini.

"La nini tena, mwanangu? Mimi naandika moja."

Nikamwambia sijaelewa.

"Nikiandika sifuri, mnapiga simu mnasema haiwezekani mwezi mzima asilalamike mtu. Nikiacha wazi, inakuja barua kwamba sikujaza. Mwaka juzi niliandika kumi na mbili, maana walikuwa kumi na wawili, nikawahesabu mmoja mmoja; mkuu wa kituo akaitwa kwenda kujieleza, akarudi hasemi na mtu wiki mbili. Moja haimsumbui mtu."

Nikamuuliza, kwa upole niliouweza, kama ni yeye aliyelibuni jambo hilo.

"Wala. Niliambiwa na wenzangu wa vituo vingine." Akatulia kidogo. "Kwani ninyi huko hamjui?"

Nilimshukuru, nikaagana naye, nikalirudia jedwali. Nikaichuja safu ya malalamiko ibakize moja peke yake. Ilinibidi kushuka hadi chini ya skrini, kisha tena, kisha tena, kabla sijauona mstari wa mwisho.